Nguzo Zilizokunywa Mvua

Kwa wiki mbili nililala vipande vipande kwa ajili ya sentensi moja. Imo ndani ya rasimu ya kwanza ya ripoti ya jengo la zamani hapa Birmingham, lililojengwa enzi za Malkia Victoria kuwa kiwanda cha viatu, na inasema hivi: "Dari la ghorofa ya kwanza liliporomoka kutokana na matumizi mabaya ya wapangaji wa ghorofa ya juu, waliokuwa na desturi ya kumwaga maji sakafuni." Mwisho wa sentensi pana namba ndogo ya tanbihi. Ukiifuata tanbihi unafika kwenye barua. Barua ni ya Kiingereza, imeandikwa kwa kalamu ya zambarau, kila herufi i ina kiduara badala ya kitone, na imetiwa saini na mama yangu.

Mwandiko ni wangu. Nilikuwa na miaka tisa.

Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo kikuu. Ofisi yetu ni ndogo. Tunapima majengo ya zamani na kuandika historia yake kabla wenyewe hawajaruhusiwa kuyageuza kitu kingine. Mwenye kiwanda anataka kukigeuza fleti. Faili lilipotua mezani kwangu niliitambua picha ya juu kabla sijasoma anwani. Nilipoifikia barua niliifunga kompyuta, nikaenda chooni, nikakaa.

Halafu yakaanza maswali, kama kawaida yangu. Nikisema, nitakuwa nasema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya mama? Kama ni kwa ajili ya mama, ukweli unapungua? Nikinyamaza, nani atadhurika, ikiwa mama mwenyewe hataiona ripoti hiyo maisha yake yote? Niliandika barua pepe saba kwa bosi wangu na kuzifuta zote saba. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilihitaji wiki mbili kujua kuwa nina hasira.

Sisi Waswahili tuliolikodi pa kuswalia tuliliita jengo lile Kiwandani, basi. "Jumamosi tunakwenda Kiwandani." Lilikuwa nyuma ya Stratford Road, mwendo mfupi kutoka kwetu Sparkbrook. Upande wa barabarani lilikuwa jengo la kujidai: matofali mekundu yaliyounganishwa kwa chokaa nyembamba kama uzi, madirisha yenye nyusi za mawe, mlango mkuu wenye mashada ya majani yaliyochongwa. Upande wa uani matofali yalikuwa ya bei rahisi, yameiva kwa moshi, na mlango ulikuwa mwembamba hata sufuria ya pilau ilibidi ipitishwe kwa ubavu. Mlango huo ndio uliokuwa wetu. Nimekuja kujua kuwa zamani ulikuwa wa wafanyakazi, na ule wa mawe ulikuwa wa makarani na wateja. Jengo lile lina uso na lina mgongo, na sisi tulikuwa watu wa mgongoni.

Chini mwenye jengo aliweka ghala la masofa. Ghorofa ya kwanza waliswali wanaume, na ndipo tulipokuwa na chuo cha Kurani. Ghorofa ya juu kabisa walipewa wanawake. Palikuwa na vidato hamsini na vinne, nilivihesabu kila wiki, na bibi mmoja mwenye magoti mabovu alikuwa akipumzika mara tatu njiani huku akimlaani kila aliyevumbua ngazi.

Mimi niliamini tumepewa juu kwa heshima. Sikuona sababu nyingine. Paa lilikuwa na migongo mitatu kama meno ya msumeno, na kila jino, upande wake mmoja ulikuwa kioo kitupu kikielekea kaskazini. Mwanga ulioingia haukuwa na jua ndani yake. Haukuchoma wala haukuweka kivuli. Ulimwagika sawasawa juu ya kila kitu, juu ya mabusati, juu ya mikono ya mama akitia uzi kwenye sindano. Sasa najua ulijengewa wakata ngozi. Hao ndio waliokuwa mafundi wakubwa wa kiwanda, kwa kuwa kisu kikipita penye kasoro ngozi nzima imeharibika, kwa hiyo walipewa mahali penye mwanga bora kuliko pote. Kwa hiyo kama mtoto nilikuwa nimepatia kuhusu jengo na kukosea kuhusu watu. Chumba kilikuwa cha heshima. Sisi tulipewa kwa sababu hakikuwa na hita na hakuna mwanamume aliyetaka kupanda vidato hamsini na vinne.

Lakini wanawake wale walikifanya chao. Mama, Zuwena jina lake, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alikuwa kijana bado, amefika kutoka Unguja miaka michache kabla sijazaliwa, na Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na cha kituo cha basi. Huko nje alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Kule juu alikuwa mwingine. Aliamua nani apike nini, nani ana mgonjwa wa kutazamwa, nani ana mtoto mchanga na anahitaji mtu wa kumkanda. Kiswahili nilichonacho, hiki ninachokiandika, nilikipata kwenye mbao za sakafu ile, nikiwa nimelala kifudifudi nikijifanya sisikii.

Mwenzake mkubwa alikuwa Bi Rukia, Mpemba mwenye mdomo usiokwenda likizo. Katika ukuta wa upande wa uani palikuwa na mlango mpana wa mbao uliofunguka hewani. Hakukuwa na ngazi wala kibaraza nje yake, ila boriti fupi yenye gurudumu la kuvutia mizigo ya ngozi kutoka chini. Ulifungwa kwa kufuli, lakini ulinitia wasiwasi.

"Bi Rukia, huu mlango wa nani?"

"Huu? Wa mawifi. Wifi yako akija kukutembelea, mwambie karibu, pita hapa hapa."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

"Usimharibu mtoto, Rukia," mama alisema, naye akicheka.

"Namharibu nini? Si ataolewa huyu? Atanishukuru."

Nilikuwa na kazi zangu mbili za siri. Ya kwanza ilikuwa misumari. Kati ya ubao na ubao palikuwa na nyufa, na ndani ya nyufa palijaa vimisumari vidogo vya shaba vilivyowaponyoka mafundi wa viatu kwa miaka mingi. Nilivichokoa kwa pini ya ushungi, kimoja kimoja, nikavitia ndani ya soksi. Nilikuwa navyo zaidi ya mia mbili.

Ya pili ilikuwa nguzo. Chumba kilishikiliwa na safu mbili za nguzo nyembamba za chuma, na mvua ikinyesha nilikuwa nikiweka sikio juu ya mojawapo na kusikia maji yakipita ndani yake. Kwanza mteremko mwembamba, halafu gulu, gulu, gulu, kama mtu anayekunywa kwa pupa. Nikamwambia mama nguzo inakunywa. Akaniambia nitoke hapo, chuma kitanitia kikohozi. Nilipomwita Bi Rukia, yeye aliweka sikio lake kweli, akatulia, akasema, "Inakunywa na wallahi haijashiba." Kisha akainama akagusa sakafu penye kitako cha nguzo. Palikuwa pamelowa. Kutu ilikuwa imechora duara la rangi ya hina juu ya mbao.

Kwa hiyo walijua. Nataka hili lieleweke, maana ndilo linalonikaba. Waliona maji, wakaweka bakuli, bakuli likajaa, wakamwambia Ami Seif, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Ami Seif akamwita mwenye jengo. Nilikuwepo, nimejificha nyuma ya abaya ya mama. Mwenye jengo alikuwa mwanamume mrefu aliyenukia peremende. Alitazama bakuli, akatazama majiko mawili ya gesi, akasema kwa Kiingereza kwamba huo ni mvuke tu. Mnapika sana, alisema, mvuke unapanda, unagusa chuma baridi, unageuka maji. Fungueni madirisha. Madirisha yalikuwa juu ya paa na hayakufunguka tangu kabla hajazaliwa yeye.

"Kasemaje?" mama aliuliza.

"Kasema mpunguze pilau," Ami Seif alijibu, na kila mtu akacheka, hata mama. Sisi tulikuwa watu wa kucheka haraka mbele ya mwenye nyumba.

Siku chache kabla ya Ramadhani mama alitangaza usafi. Watakaomwelewa vizuri ni waliolelewa pwani. Kwetu nyumba haisafishwi kwa kitambaa, inapigwa deki. Unatoa kila kitu nje, unamwaga maji kwa ndoo, unamwaga sabuni ya unga, unasugua kwa fagio la chelewa mpaka povu liwe jeusi, kisha unayasukuma maji yote kwa nguvu hadi kwenye tundu la ukutani yakatoke uani. Sakafu ya saruji inakubali hayo. Inapokauka inanukia upya, na hapo ndipo mwezi unakaribishwa. Mama alifanya hivyo tangu utoto wake, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyemwambia kwamba sakafu ya mbao chini yake haina kitu ila dari la watu wengine.

Ilikuwa siku ya furaha kubwa. Mabusati yalikunjwa, wanawake wakapandisha madira yao na kuyakaza kiunoni, ndoo zikapanda vidato hamsini na vinne. Bi Rukia aliimba, sisi watoto tuliteleza juu ya povu kwa matako. Kisha mama akashika fagio lake, lililosafiri kutoka Unguja ndani ya begi la mtu, akayasukuma maji kuelekea ukutani. Hakukuwa na tundu. Akayasukuma upande wa pili. Nako hakukuwa na tundu. Akasimama, fagio mkononi, na sote tukatazama maji yakipungua yenyewe, taratibu, yakizama ndani ya nyufa zile nilizozichokoa mimi.

"Yamekwenda wapi?" mtu aliuliza.

"Yamenywewa," alisema Bi Rukia, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Dari liliporomoka kesho yake mchana. Ghorofa ya kwanza alikuwemo Ami Seif peke yake, akipima zulia jipya lililonunuliwa kwa ajili ya tarawehe. Hakuumia. Tulipofika alikuwa amesimama uani, kanzu, ndevu, kofia, vyote vyeupe kwa chokaa, yanaonekana macho mawili tu. Nilicheka. Kisha nikaona uso wa mama, nikakumbuka soksi yangu.

Kwa akili yangu ilikuwa wazi kabisa. Misumari ndiyo inayoshika vitu. Mimi nilikuwa nimeng'oa zaidi ya mia mbili kutoka kwenye jengo lile, na sasa jengo limeanguka. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu. Nilikwenda nyuma ya msikiti mwingine wa jirani, nikaitumbukiza soksi kwenye pipa la taka, nikarudi nikiwa na homa.

Mwenye jengo alitaka barua. Alisema bima yake inahitaji maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyesababisha, na bila barua tutafute pengine pa kuswali. Mwezi ulikuwa unaandama baada ya siku tatu. Tulikusanyika ghorofa ya kwanza, vipande vya chokaa bado vimetapakaa. Juu ya vichwa vyetu lilionekana tundu kubwa lenye vijiti vimening'inia, na kando ya tundu, pale nguzo ya chini inapoipokea nguzo ya juu, boriti ilikuwa nyeusi kama mkaa. Watu wazima wote walisimama chini yake. Hakuna aliyetazama juu.

"Aandike aliyekosa," Ami Seif alisema.

"Mie sijui kuandika Kizungu, Ami," mama alisema kwa sauti ya chini. "Wajua."

"Mtoto si anajua? Ana tuzo ya mwandiko shuleni, kila siku unatuambia. Raya, njoo."

Nilikuwa na kalamu ya zambarau. Ami Seif alitamka kwa Kiswahili, mimi niliandika kwa Kiingereza, nimepiga magoti juu ya zulia jipya lililolowa. Sisi akina mama tumekosa. Tulimwaga maji juu ya sakafu. Tunaomba radhi. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba barua ya kuomba radhi lazima ieleze kosa lote bila kuficha, kwa hiyo niliongeza la kwangu: kwamba huwa tunafanya hivyo kila mara. Haikuwa kweli. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Lakini nilikuwa nimeficha kosa langu la misumari, na nilifikiri nikilikuza kosa la maji, la misumari halitatafutwa. Mama alichukua kalamu yangu akatia saini, jina moja tu, kwa herufi alizozichora polepole. Hakujua alichokitia saini. Mimi nilijua.

Barua haikusaidia kitu. Ramadhani ilipokwisha mwenye jengo alitutoa hata hivyo. Jumuiya ilikodi ukumbi huko Shard End, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na wanawake wengi wakaacha kwenda. Na kila palipotajwa Kiwandani, palitajwa na jina. Si "tulipohamishwa". Walisema "pale Zuwena alipotubomolea". Walisema kwa utani, na utani ulikuwa mbaya kuliko matusi kwa sababu haujibiwi. Harusini, msibani, mtu akibeba ndoo: "Mwangalieni Zuwena asije akadeki!" Mama alikuwa akitabasamu. Kisha akawa anafika akiwa amechelewa na kuondoka mapema. Kisha akawa hafiki.

Sasa anafanya usafi hospitalini, upande wa Harborne. Amesomeshwa namna ya kukamua mopu mpaka ikaribie kukauka. Nyumbani anafuta sakafu akiwa amepiga magoti, kwa kitambaa alichokikamua mara mbili. Sijamwona akimwaga maji chini tangu siku ile. Niliishi na mwanamke huyo miaka yote hii na sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa jambo.

Mwezi uliopita nilirudi Kiwandani nikiwa na kofia ya plastiki, tochi na futi. Nilifanya nilichofundishwa: nilianza juu nikashuka chini. Juu ya paa, kati ya meno ya msumeno, kuna milizamu inayopokea maji yote ya mvua, na milizamu haimwagi nje. Wajenzi wa zamani hawakutaka mabomba yaharibu uso wa jengo lao, kwa hiyo waliyapitisha maji ndani ya nguzo. Nguzo zile ni mabomba. Zina uwazi katikati kutoka paa mpaka chini ya ardhi. Nilichokisikia kwa sikio langu nikiwa mtoto ndicho kilichokuwa kinatokea.

Nguzo mbili zilikuwa zimeziba kwa manyoya ya njiwa na majani. Maji yakikosa njia ya kushuka hutafuta kiungo, na kiungo kiko usawa wa sakafu ya wanawake, juu kabisa ya vichwa vya boriti. Niliichoma boriti kwa bisibisi. Iliingia mpaka kwenye mpini, bila kusukuma, kama inavyoingia kwenye keki. Mti mgumu wa unene ule hauozi kwa ndoo za Jumamosi moja. Unahitaji miaka na miaka ya kulowa. Ndoo zetu hazikusaidia, nakubali, chokaa iliyokwisha kuning'inia ilipata uzito ikaanguka. Ingeanguka kwa mvua iliyofuata.

Nilikaa juu ya vidato nikaizima tochi. Nilidhani nilichokihisi ni faraja. Haikuwa faraja.

Nilikwenda kwanza kwa mama. Alikuwa anavua viatu vya kazi.

"Mwanangu, hayo yashapita."

"Hayajapita. Yameandikwa kwenye ripoti."

"Hiyo ripoti anaisoma nani?"

"Naisoma mimi, mama."

Aliviweka viatu kando ya mlango. "Weye ulikuwa mtoto. Sikukulaumu hata siku moja." Alidhani nimekuja kuomba msamaha. Nilimweleza misumari, nguzo, boriti, na lile neno nililoliongeza. Alisikiliza yote. Alipoelewa kuwa barua ilisema walimwaga maji kila mara, aliuma mdomo. "Kwa hivyo mie ndo nilosema hivyo," alisema. "Kwa mkono wangu." Akaenda kuoga, akakaa bafuni mpaka maji ya moto yakaisha.

Kisha nikaenda kwa Ami Seif, nyumbani kwake karibu na Ladypool Road. Ni mzee sasa, alinifungulia mlango kwa furaha, akaniita daktari ingawa mimi si daktari. Nilimwuliza kabla sijakaa.

"Ami, si mlijua nguzo inavuja?"

Hakukana. Hilo ndilo lililoniwasha. Alipuliza chai yake, akasema, "Tulijua. Tulimwambia bwana yule mara tatu. Lakini ungefanyaje, mwanangu? Mwezi unaandama. Watu waswali wapi? Nikigombana naye tunalala nje. Akipata mtu wa kumlaumu, pengine anatuacha."

"Ukampa mama yangu."

"Mama yako alikubali mwenyewe."

"Alikubali kwa mwandiko wangu! Nilikuwa na miaka tisa!"

"Sasa unanipigia kelele nyumbani kwangu," alisema, bila ukali, kama anayenikumbusha kufunga mlango. "Yalikuwa maslahi ya wote, Raya. Utakua utaelewa."

Nina shahada mbili. Niliondoka nikiwa nimeacha begi langu, ikabidi nirudi kulichukua, nikamwamkia na kumuaga tena kwa heshima zote, shikamoo na yote, na njia nzima nikajichukia kwa ile shikamoo.

Jumatatu nilimwambia bosi wangu, Margaret. Sikuandika barua pepe. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema ile tanbihi ni mimi. Aliivua miwani.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hakuna mtu mzima anayeweka viduara juu ya i."

"Basi sehemu hii huwezi kuiandika. Una maslahi ndani yake."

"Najua. Niandikishe kama shahidi."

Alisema huenda mteja akakasirika, na huenda mimi nisipendezwe na yatakayofuata. Nilisema sawa, na nilishangaa kwamba ilikuwa sawa. Nilimkabidhi kurasa nne zenye jina langu kamili: vipimo, picha za boriti, picha za milizamu, na maelezo ya namna barua ile ilivyoandikwa na nani alikuwa anatamka. Sentensi imeondolewa kwa sasa. Wameniondoa na mimi kwenye kazi ya jengo lile. Sijui litakaloamuliwa.

Lakini Margaret hajawahi kumcheka mama yangu harusini. Ripoti ingetosha kwa jengo, haingetosha kwa mama. Nilijua hivyo tangu mwanzo, na maswali yote ya wiki mbili yalikuwa njia yangu ya kutolifikia hili.

Jumamosi iliyopita jumuiya ilifanya vunja jungu, ile karamu ya mwisho kabla ya kufunga. Wanaume upande mmoja wa ukumbi, wanawake upande wa pili, watoto sakafuni katikati na simu zao. Mama alikuwa zamu, au alisema yuko zamu. Ami Seif alikuwa anamaliza kusoma matangazo. Nilivuka katikati ya watoto, nikamwomba maikrofoni, naye akanipa akidhani natangaza gari lililozuia njia.

Niliisogeza maikrofoni karibu mno na mdomo, ikapiga kelele. Nilisema jina langu na la mama yangu. Nilisema dari la Kiwandani liliangushwa na mvua ya miaka mingi, kupitia nguzo iliyoziba, na kwamba mwenye jengo aliambiwa, na kwamba uongozi wetu ulijua, na kwamba barua ya kukiri niliiandika mimi nikiwa na miaka tisa kwa maneno niliyotamkiwa na Ami Seif. Nilisema neno la uongo ndani yake niliongeza mwenyewe. Nilisema Zuwena hakubomoa kitu, na atakayerudia utani ule arudie mbele yangu.

Upande wa wanawake Bi Rukia alikuwa amesimama, mkono juu, ameishika simu ikielekea kwangu. Kwenye kioo niliona picha ya mama yangu: alikuwa kwenye laini, anasikiliza.

"Umemaliza?" Ami Seif aliuliza, akinyoosha mkono kupokea maikrofoni.

Nilitazama chini. Watoto walikuwa wameinua vichwa, wamejua kuna jambo, wanaulizana kwa Kiingereza huyu dada anasema nini.

"Bado," nilisema. Nikaanza upya, tangu neno la kwanza, kwa Kiingereza.